Kila Kitu Kina Mtu Wake

Asubuhi moja ya masika, kijana anayetuzolea taka mtaani kwetu Tabata alikataa kubeba gunia langu. Alilinyanyua hadi usawa wa goti, akalirudisha chini taratibu, akajifuta viganja kwenye suruali. "Mama," aliniambia kwa adabu, "humu hamna taka. Humu mna maji. Nikilipandisha hili kwenye guta, kile kilima cha pale juu sitakimaliza." Nilidhani anatafuta nyongeza ya pesa, nikamwambia ni mvua ya usiku ndiyo iliyolinyeshea. Hakubishana. Alichuchumaa, akafungua kamba, akanionesha.

Kulikuwa na maganda ya tikiti maji, mazito, mekundu bado kwa ndani. Kulikuwa na wali wa juzi ulioshikamana kama tofali, maharage yaliyochacha, maganda ya ndizi na ya viazi. Kulikuwa na fungu la mchicha lililooza likiwa bado limefungwa kamba yake ya mgomba, vilevile lilivyotoka sokoni. Katikati ya hayo yote, yakiwa yamelowa mchuzi, yalikuwamo maboksi ya unga, chupa za maji, pampasi na gazeti. Mchicha ule ndio ulionichoma. Niliuchagua mwenyewe, nikapatana bei na mama muuzaji kana kwamba shilingi mia mbili zingenifilisi, kisha nikaurudisha mtaani kama uchafu bila hata kuufungua.

Kijana aliokota chupa moja, akaikung'uta punje za wali. "Haya maganda yana mtu wake," akasema. "Kuna mama anafuga kuku kule chini, anayataka kila siku. Chupa zina mtu wake, boksi lina mtu wake. Lakini mkishavichanganya hivi, mama, havina mtu tena."

Alilichukua gunia hatimaye, baada ya kulimwaga maji mtaroni. Maneno yake yalibaki mlangoni kwangu. Nimesoma maandishi mengi juu ya taka, na nimehudhuria mikutano kadhaa, lakini sijasikia maelezo mafupi na ya kweli kuliko yale. Taka hazitoki sokoni zikiwa taka. Tunaleta nyumbani chakula, karatasi, chupa na makopo, kisha sisi wenyewe, kwa mikono yetu, ndani ya ndoo moja, tunavigeuza kuwa taka. Na kitu kisicho na mtu wake ni lazima kitafutiwe mahali.

Sisi wa Tabata tulipaswa kulijua hilo kuliko wengine. Mtaa huu una historia ambayo wapangaji wapya tunapita juu yake kila siku bila kuisikia. Zamani malori ya Halmashauri ya Jiji yalimwaga hapa taka za Dar es Salaam. Zilirundikwa, zikachomwa, na moshi wake ukaingia vyumbani mwa watu, ukiambatana na harufu na nzi. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, walichoka, wakaipeleka halmashauri Mahakama Kuu kwa kesi ya madai namba 299. Mahakama iliwapa haki yao: jiji liache kumwaga taka Tabata, likatafute mahali ambapo halitadhuru watu. Jiji likaomba muda, likapewa. Likarudi kuomba tena. Jaji Lugakingira akakataa. Alistaajabu kwamba mamlaka ya umma inakuja mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaikumbusha Ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Hadi leo wanaosoma sheria ya mazingira katika ukanda wetu hufundishwa kesi hiyo.

Ulikuwa ushindi wa haki, na sitaki kuupunguza hata chembe. Lakini tuyafuate malori baada ya hukumu. Jiji liligeukia Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 nao wakaenda mahakamani, nao wakasikilizwa, kwa kuwa eneo lile lilikuwa la makazi ya watu. Malori yakaenda Vingunguti, na huko pia watu walikuwapo. Yakaenda Mtoni. Leo yanapanda Pugu Kinyamwezi. Kwa wazee wetu Pugu lilikuwa jina la milima na msitu, na la shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha ualimu kwa ajili ya siasa. Kwa watoto wa mjini leo, Pugu ni jina la dampo.

Yapange majina hayo kwa mstari: Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Mtoni, Pugu. Kila mtaa uliopona, ulipona kwa mzigo kusogezwa kwa jirani. Hakuna aliyekosea kudai haki yake. Kosa ni letu sote tulioendelea kujaza magunia yaleyale tukiamini kwamba hukumu ya mahakama, au lori jipya, au ekari nyingine nje kidogo ya mji, ingeyamaliza. Wahenga walituachia neno: mtupa jongoo humtupa na mti wake. Sisi jongoo tunamtupa uani kwa mwenzetu, na mti tunabaki nao mkononi, tayari kwa jongoo wa kesho.

Tumelelewa pia kuamini kwamba usafi ni kufagia. Ninaikumbuka vizuri tarehe 9 Desemba 2015. Kipindupindu kilikuwa kimelitikisa jiji tangu Agosti, na Rais Magufuli, akiwa na mwezi mmoja tu Ikulu, alifuta gwaride la Uhuru akataka siku ile iwe ya usafi. Mwenyewe alionekana akizoa uchafu karibu na soko la samaki la Feri. Nchi nzima ilitoka na mafagio, majembe na mareki. Ilikuwa siku njema, na ilituonesha kwamba tukiamua tunaweza. Hata hivyo jioni yake, kila mtaa ulikuwa na kichuguu cha taka kando ya barabara kikisubiri kubebwa. Ufagio huondoa uchafu mlangoni. Kuupunguza ni kazi nyingine, inayoanza mapema zaidi, kabla ya ufagio kushikwa.

Yanayotokea huko tunakopeleka tunayajua, ila tunapenda kuyasahau. Katika nchi za kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka za miji ni mabaki ya chakula na majani. Gunia langu lilikuwa ushahidi wa hilo. Mabaki hayo yakilala juu ya udongo, yakapata hewa, huoza kwa amani na kurudi kuwa udongo. Yakifukiwa chini ya tani za plastiki na takataka nyingine, hukosa hewa, na huko gizani hutoa gesi ya methani, ambayo uzito kwa uzito huipasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Maji yake hujikusanya, yakalegeza lundo kutoka ndani. Lundo likizidi kimo, huporomoka.

Liliporomoka Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, na watu zaidi ya 110 wakafa ndani ya vibanda vyao. Liliporomoka Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 30 wakafukiwa, watoto wakiwamo. Kiteezi ilikuwa ikipokea taka za Kampala tangu mwaka 1996. Dandora, Nairobi, ilitangazwa kuwa imejaa mwaka 2001, na magari bado yanaingia. Niliposikia habari za Kiteezi nilikaa kimya muda mrefu. Kilichowaua watu wale hakikuwa bomu wala mafuriko ya mto. Yalikuwa maganda, mabaki ya matoke, mifuko, nguo kuukuu. Yalikuwa magunia kama langu, ya miaka 28, ya watu waliodhani wameyatupa.

Ndipo mawazo yangu yakarudi kwa bibi yangu, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na kwenye nazi moja.

Bibi alifua nazi kwa kifuo kilichochomekwa ardhini nyuma ya jiko. Makumbi aliyaweka kando, kwa kuwa yalikuwa na safari yake. Nazi akaivunja, maji yake tukayagombania sisi watoto. Akakaa juu ya mbuzi, akakuna. Akachuja tui kwa kifumbu, la kwanza zito, la pili jepesi. Machicha yakaenda kwa kuku, ambao walikuwa wameshajipanga mlangoni kana kwamba wameitwa kwa majina. Vifuu vizuri vilifanywa upawa na kata ya kuchotea maji, vilivyopasuka vikaingia motoni. Makumbi yalibebwa hadi ufukweni, maji yanapokupwa, yakafukiwa mchangani na kuzungushiwa mawe. Yalilala huko miezi mingi. Yakifukuliwa, wanawake waliyaponda kwa magongo mpaka nyuzi zikaachana, wakasokota kamba mapajani mwao huku wakizungumza habari za mji. Kamba zile zilifunga vitanda, nyua na vyombo vya baharini. Makuti ya mnazi uleule yaliezeka paa, na chelewa zake zikawa fagio. Nikijiuliza leo, katika mnazi mzima, ni kipande gani bibi alikitupa, sikioni. Kila kitu kilikuwa na mtu wake.

Kilichobaki kabisa kilikwenda jaani: majivu, mifupa ya samaki, maganda ya muhogo, uchafu wa kufagia uwanja. Jaa la bibi lilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa jiko. Pembeni yake uliota mpapai ambao hakuna aliyeupanda, na mapapai ya jaani yalikuwa matamu kuliko ya shambani, sisi watoto tulilijua hilo bila kufundishwa.

Sisemi haya kwa kuutamani umaskini. Bibi alitumia kila kitu kwa sababu hakuwa na vingi. Jaa lake halikuwa na betri, wala pampasi, wala mfuko wa nailoni unaokaa miaka na miaka ardhini bila kuoza. Nisingependa kurudi kwenye kusokota kamba mapajani, na wanawake waliofanya kazi hiyo wangenishangaa kama ningewaambia ilikuwa raha tupu. Ninachokitazama ni zile hatua ishirini. Jaa likinuka, lilimnukia yeye. Likivutia nzi, nzi walitua kwenye mchuzi wake. Kwa hiyo hakuwahi kuliacha likue. Alikuwa analipima kila siku kwa macho, bila kujua kuwa anapima. Sisi tumeliweka jaa letu mbali, kilomita nyingi nyuma ya mgongo wetu, na tangu lilipotoka machoni, limeota na kuwa mlima.

Hatuwezi kulirudisha nyuma ya nyumba. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, wengi wetu tukiwa katika vyumba vya kupanga visivyo na uani. Lakini ukaribu si hatua za miguu tu. Mtu anaweza kuwa karibu na taka zake kwa kuzijua. Wiki ile ya gunia niliamua kuzijua zangu. Niliweka ndoo mbili badala ya moja. Ya kwanza ya vinavyooza, ya pili ya vikavu. Pampasi na vingine visivyofaa kitu nikavifungia mfuko wake mdogo. Kwa siku saba sikubadili chochote katika maisha yetu ila hilo. Ndoo ya jikoni ilijaa mara tano. Ya vikavu haikujaa mara mbili. Mfuko wa vile visivyofaa kitu, ambavyo kweli havina mtu, niliweza kuubeba kwa kidole kimoja.

Nilikaa mbele ya zile ndoo nikaona maisha yetu yote. Niliona kwamba tunapika wali wa watu wanane kila jioni ilhali tuko sita, kwa hofu ya mgeni ambaye siku hizi hupiga simu kwanza. Niliona kwamba ninanunua mboga za wiki nzima Jumamosi, kisha Jumanne naona mpya mlangoni, nazinunua, na za Jumamosi zinafia ndani ya jokofu. Niliona kwamba kiporo, ambacho bibi alikipasha na chai ya rangi kikawa kifungua kinywa kitamu, kwa wanangu kimekuwa jambo la aibu. Msikitini tumeonywa israfu tangu utotoni. Majirani zangu Wakristo wamefundishwa kwamba baada ya maelfu kushiba, mabaki yaliokotwa yakajaza vikapu 12. Sote tumefundishwa. Tumelisahau somo pale tulipoacha kuona ndoo.

Basi tukaanza na kikombe. Wali sasa hupimwa kwa kikombe, kwa idadi ya walaji, na mgeni akija tunamwongezea ugali, hakuna aliyenuna. Mboga zinanunuliwa za siku mbili. Kiporo kina siku yake, Ijumaa asubuhi, na watoto wanachagua wenyewe kipikwe vipi. Kwa hayo matatu, ndoo ya jikoni ilishuka hadi mara tatu kwa wiki. Sikununua chombo chochote. Niliokoa pesa.

Maganda yaliyobaki nilijaribu kuyaozesha niwe na mboji, na mwanzo ulikuwa mbaya. Niliyajaza ndani ya tairi bovu kibarazani, nikayafunika kwa turubai. Siku ya tano yalinuka na kutoa funza, na jirani yangu, mama mtu mzima, aligonga mlango. "Mwanangu," alisema, "umetuletea Vingunguti ndani." Nilimwomba radhi, nikadhani nimeshindwa. Yeye, aliyezaliwa Lushoto kwenye bustani, ndiye aliyenifundisha. Maganda mabichi pekee yanazama ndani ya maji yake yenyewe, yakakosa hewa, yakanuka. Yanataka kulaliwa na kitu kikavu. Tangu siku ile kila ndoo moja ya maganda naifunika kwa ndoo moja ya maranda kutoka kwa fundi seremala au majani makavu, na kila wiki nageuza kwa koleo. Nyama na samaki sitii. Lundo lilipata joto, unaweka mkono unahisi. Baada ya miezi mitatu hivi likawa jeusi, likawa na harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Mchicha ninaokula sasa hautoki mbali na lile gunia.

Kile nisichoweza kuozesha kinakwenda kwa yule mama wa kuku. Nilikuwa nimeishi miaka saba nyumba kumi kutoka kwake bila kumjua. Sasa naye hunipa mayai kwa bei ya ujirani, nami humpelekea ndoo.

Kuhusu vikavu, nilijifunza kutoka kwenye chupa ya soda. Chunguza barabara yoyote ya mji wetu, utaona chupa za plastiki mitaroni, lakini chupa ya soda ya kioo huioni, na ukiiona, imevunjika. Kwa nini? Kwa sababu dukani hakuna anayeondoka nayo bila kuacha chupa au pesa ya chupa. Ina bei, ina kreti inayoisubiri, kiwanda kinaitaka irudi. Hatukuhitaji semina ya kutufundisha kurudisha chupa. Mama zetu walitutuma nazo tangu hatujajua kusoma. Utaratibu huo umekuwapo kwetu muda wote, na tumeruhusu vinywaji vihamie kwenye chupa ambazo hakuna anayezingoja, isipokuwa muokota makopo anayezunguka juani na gunia lake mgongoni. Yeye tunamwita majina. Ukweli ni kwamba anafanya bila mshahara kazi ambayo kiwanda na jiji vingepaswa kumlipa.

Na sheria nayo ina nguvu, tumeiona. Rwanda walizuia mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, nasi Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tuliambiwa biashara zitakufa. Hazikufa. Ndani ya muda mfupi vikapu vya ukili vilirudi sokoni na akina mama wasusi wakapata wateja. Miti iliyokuwa imevaa mifuko ya rambo kama matunda ilivuliwa. Lakini pia tulipokea mifuko mbadala, ambayo mingi ni plastiki ya namna nyingine, na leo kila kabati la jiko lina fungu lake. Mfuko wa kutumia mara mia, ukiutumia mara moja, ni rambo aliyebadili jina. Kikapu kimoja chenye mpini imara kinatosha nyumba moja kwa miaka.

Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima, Flipflopi, kwa plastiki na malapa yaliyookotwa fukweni na mitaani. Lilihitaji takriban tani 10 za plastiki na malapa 30,000. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilitweka tanga likaja hadi Unguja. Ninaheshimu sana kazi ile, kwa sababu ilionesha kwamba kilichotupwa kina thamani kikipata fundi. Lakini lile ni jahazi moja, na malapa yanaendelea kuletwa na bahari kila maji yanapojaa. Kutengeneza upya ni dawa. Kutochafua ni kinga, na wahenga wa leo na wa jana wanakubaliana ipi huja kwanza.

Nyumba moja haitoshi, najua. Ndiyo maana nataka tuzitazame na shughuli zetu. Katika harusi, arobaini, vikao na misiba, tulikuwa tunakula sinia moja watu wanne, tunanawa kwa birika, tunakunywa maji kwa vikombe vilivyoazimwa nyumba kwa nyumba, na kesho yake akina mama wanarudishiana masufuria kwa alama za rangi zilizochorwa chini. Leo tunawapa watu mia tatu sahani za kutupa, vijiko vya kutupa, na chupa ya maji nusu lita kila mmoja, nyingi zikiachwa zimenywewa nusu. Tunaita hiyo heshima kwa wageni. Heshima gani inayomwachia mwenye msiba kilima cha plastiki mlangoni? Kikundi chetu cha akina mama kimenunua kwa michango sahani 200 za bati na vikombe vyake. Anayezitaka huzichukua bure, akizirudisha safi. Zimeshahudumia shughuli nyingi kuliko tulivyotarajia, na hazijawahi kulala kabatini mwezi mzima.

Na ipo mitaa iliyokwenda mbali zaidi. Bonyokwa, si mbali nasi, wakazi pamoja na shirika la Nipe Fagio wamejenga utaratibu wa kutenganisha taka nyumbani, wazoataka wa hapohapo wakajiunga katika ushirika, na vinavyooza vikaozeshwa karibu, visisafiri hadi dampo. Kijana wa guta anayekwenda nyumba iliyotenganisha hana haja ya kuchuchumaa kwenye matope kutafuta chupa. Anapokea mzigo mwepesi, unaojulikana, wenye mtu wake.

Sitaki msomaji atoke hapa akidhani mzigo wote ni wa mama jikoni. Anayetengeneza chupa isiyo na pa kurudi ana deni. Halmashauri inayokusanya ada ya taka kisha ikapeleka lori moja linalochanganya tena kile nilichokitenganisha ina deni kubwa zaidi. Wakazi wa Tabata walitufundisha mwaka 1988 kwamba wananchi wanaweza kuidai serikali yao mahakamani, na tuna haki ya kudai leo kile ambacho wao hawakukiomba: kwamba taka zisihamishiwe kwa mtu mwingine, bali zipunguzwe pale zinapotoka. Lakini siwezi kudai lori la maganda peke yake wakati maganda yangu yamelala pamoja na betri. Dai langu lianze na ndoo yangu.

Kijana wa guta bado anapita kila Jumatano. Gunia langu sasa analinyanyua kwa mkono mmoja. Chupa anazikuta zimesuuzwa, anaziweka kwenye mfuko wake wa pembeni, na huo ni ujira wake juu ya ujira.

Nawe uliyesoma hadi hapa, nakuomba jambo moja usiku wa leo, kabla hujalala. Weka ndoo ya pili jikoni. Ya kwanza iwe ya vinavyooza, ya pili ya vikavu. Usibadili kingine chochote kwa wiki moja, tazama tu. Kisha ulizia hapo mtaani ni nani anafuga kuku, nani ana bustani, nani ananunua makopo. Utawapata. Kila kitu kina mtu wake, na mtu huyo yuko karibu kuliko Pugu.